Nani Abebe Hasara? Kadi, Simu na Dhamana ya Mtu katika Biashara ya Mtandaoni

Ukitoka mjini Machakos kuelekea Kitui, utapita Masii kabla ya kufika Wamunyu. Si mwendo mrefu, lakini kipande hicho cha barabara kimetoa bidhaa mbili ambazo watu wa mbali wamezipenda kwa miongo mingi. Kuna vyondo vya katani vinavyosukwa na wanawake wa Ukambani, na kuna vinyago vya mbao ambavyo Wamunyu ilianza kuvichonga kwa ajili ya soko baada ya Mutisya Munge kurudi na ujuzi alioupata Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Zamani bidhaa hizo zilifika ng'ambo kupitia mikono mingi: mchuuzi wa Nairobi, duka la watalii la Mombasa, shirika la kununua kazi za mikono. Siku hizi mama anayekusanya vyondo kutoka kwa wasusi wa Masii anaweza kuvipiga picha kwa simu, akaziweka Instagram, na kabla jua halijazama akaulizwa na mtu wa Hamburg au Toronto: nikulipe vipi kwa kadi?

Hapo wengi hukimbilia kulinganisha makato. Kampuni hii inakata ngapi, ile inakata ngapi, basi, mtu anajisajili kwa ile ya bei nafuu. Mimi naona makato ni swali la pili. La kwanza ni hili: mzigo ukipotea njiani, au mnunuzi akidai kwamba hakuidhinisha malipo yale, hasara inamwangukia nani? Kila desturi ya malipo ina jibu lake, na muuzaji anayechagua njia ya kupokea pesa anachagua pia jibu hilo, ajue asijue.

Ukambani haikuanza jana kufanya biashara na watu wasiojuana. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu hadi Rabai na Mombasa, na mmoja wa wafanyabiashara wake wakubwa, Kivoi Mwendwa wa Kitui, ndiye aliyemkaribisha mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849. Hapakuwa na benki wala karani wa kuandika risiti. Kilichomwezesha mtu kupita na mali katika nchi ya wengine kilikuwa udugu wa kuchanjiana. Ukishachanjiana na mtu wa upande wa pili, kumdhulumu kulikuwa kumdhulumu ndugu, na aibu yake ilikaa kwa ukoo mzima. Hasara ilibebwa na jina.

Pwani nako jina lilikuwa mtaji, ila lilitozwa riba. Hamed bin Muhammed, ambaye wengi wanamjua kama Tippu Tip, aliingia bara kwa bidhaa alizokopeshwa na matajiri wa Kihindi wa Unguja, na mkopeshaji wake mashuhuri alikuwa Taria Topan. Mkopeshaji alikaa Unguja miaka akisubiri pembe ambazo huenda zisingerudi kamwe, na bei aliyoiweka ilihesabu hatari hiyo tangu mwanzo. Hawala nayo, njia ya kutumiana pesa inayotumika hadi leo kati ya Eastleigh ya Nairobi, Mogadishu na Ghuba, husimama juu ya msingi huohuo wa wakala kumwamini wakala. Ni desturi yenye kasi na gharama ndogo, lakini imefungwa kwa mtu asiyejulikana ndani yake. Mnunuzi wa Hamburg hana ndugu wa kuchanjiana Masii.

Halafu ikaja simu. Safaricom ilizindua M-Pesa Machi 2007 kwa ajili ya watu kutumiana pesa, na mwaka 2013 ikaleta Lipa na M-Pesa kwa wenye maduka. Angalia jinsi inavyofanya kazi: mnunuzi mwenyewe ndiye anayesukuma pesa. Anaingiza nambari ya tili ya muuzaji, kiasi na pini yake, na sekunde chache baadaye simu ya muuzaji inalia. Muuzaji hajaona siri yoyote ya mnunuzi, na pesa zimeshatua. Hatari yote ya safari inabaki upande wa mnunuzi, kwa kuwa amelipa kabla ya kuona kikapu. Akitapeliwa, anaweza kutuma ombi la kurudishiwa kwa 456, lakini huduma hiyo iliwekwa hasa kwa ajili ya pesa zilizotumwa kimakosa. Haikukusudiwa kuamua kama kiondo kilikuwa na rangi iliyoahidiwa.

Kwa muuzaji hiyo ni raha kubwa, na ni nafuu pia. Makato ya tili ni asilimia 0.55 kwa malipo yanayozidi shilingi 200. Kiondo cha shilingi 5,000 kinakatwa shilingi 27 na senti 50. Hata hivyo raha hiyo ina matundu. Wako wanaoleta meseji feki zinazofanana kabisa na za kweli, na wako wanaolipa, wakachukua mzigo, kisha wakaomba kurudishiwa wakisingizia kwamba walikosea nambari. Ndiyo maana muuzaji makini huangalia salio lake mwenyewe kabla ya kumkabidhi bodaboda kifurushi. Haridhiki na meseji anayoonyeshwa kwenye simu ya mteja.

Kadi ilizaliwa katika mazingira tofauti kabisa. Septemba 1958 Bank of America iliwatumia wakazi wa mji wa Fresno, California, kadi zipatazo 60,000 ambazo hawakuziomba. Wizi ulifuata upesi na benki ikapata hasara kubwa, lakini mpango haukufa. Mwaka 1976 ukapewa jina la Visa. Katikati ya hapo, mwaka 1974, Marekani ilipitisha sheria ya kumruhusu mwenye kadi ya mkopo kupinga malipo yaliyo kwenye ankara yake, na mwaka huohuo Uingereza ikaweka katika sheria yake ya mikopo kwamba kampuni ya kadi itawajibika pamoja na muuzaji kwa bidhaa inayozidi kiwango fulani cha bei. Mnunuzi wa huko amekulia katika haki hiyo. Anapotoa kadi anajua kwamba kikapu kisipofika ataipigia simu benki yake, na benki itazirudisha pesa na kumwambia muuzaji ajitetee.

Kwa hiyo kadi inageuza jibu juu chini. M-Pesa humwachia mnunuzi hatari, kadi humwachia muuzaji. Dai la kurejeshewa pesa linaweza kuja hadi siku 120 baadaye, na kwa PayPal mnunuzi ana siku 180 za kufungua lalamiko. Wauzaji wengi huliona jambo hilo kama dhuluma: nimetuma mzigo, nimelipa posta, nimewalipa wasusi, halafu baada ya miezi mitatu mtu ananyang'anya pesa zilizokwisha tumika. Uchungu huo naufahamu, lakini sikubaliani na hoja. Mgeni ananunua kwa mtu asiyemjua, katika mji asioweza kuuonyesha kwenye ramani, kwa sababu tu ana njia ya kurudishiwa. Ukiiondoa njia hiyo, unamwondoa na yeye. Asilimia tatu au nne ambazo kadi inakata ni bei ya kumpata mnunuzi ambaye udugu wa kuchanjiana usingeweza kumfikia.

Bei hiyo ihesabiwe sawasawa lakini. Tuseme kiondo kimeuzwa shilingi 5,000, na katani, ngozi za mikanda, ujira wa msusi, posta na makato vikijumlishwa vimekula 3,800. Faida ni 1,200. Dai moja likipita, muuzaji hapotezi faida peke yake. Zile 3,800 zimekwenda, kikapu kiko Ulaya, na mara nyingi kampuni ya malipo inaongeza ada yake ya kushughulikia mgogoro. Itabidi auze vyondo zaidi ya vitatu bila tatizo lolote ndipo arudi pale alipokuwa. Kwa hesabu hiyo tofauti ya nusu asilimia kati ya kampuni moja na nyingine, ambayo kwa kiondo kimoja ni shilingi 25, ni jambo dogo sana mbele ya swali la ulinzi.

Ulinzi wenyewe upo, na ni wa kiufundi. Mnunuzi anapolipa kwa kadi na benki yake ikamtaka athibitishe, kwa msimbo uliotumwa kwenye simu au kwa kidole ndani ya programu ya benki, dai la wizi wa kadi kwa kawaida huhamia kwa benki iliyotoa kadi. Asipothibitishwa hivyo, mzigo hubaki kwa muuzaji. Uthibitisho huo lakini hauna msaada mnunuzi akisema kifurushi hakikufika. Kwa dai la namna hiyo kinachomwokoa muuzaji ni karatasi: risiti ya posta yenye nambari ya kufuatilia mzigo, anwani iliyoandikwa sawasawa na ile ya oda, picha ya kiondo kabla hakijafungwa, na mazungumzo ya WhatsApp yasiyofutwa. Muuzaji anayetuma kifurushi bila nambari ya kufuatilia ili kuokoa shilingi mia chache ameshashindwa kesi kabla haijafunguliwa.

Na liko jambo moja ambalo halina mjadala. Usimwombe mteja kamwe akutumie nambari za kadi au picha yake kwa WhatsApp. Linki ya malipo humpeleka kwenye ukurasa wa kampuni iliyoidhinishwa, akajaza nambari zake huko, na wewe usizione hata moja. Hapo hata simu yako ikiibiwa stendi ya Masii, hakuna kadi ya mtu iliyopotea pamoja nayo.

Desturi hizi mbili, ya simu na ya kadi, si zote zilizopo. China ilipata jibu la tatu. Duka la mtandaoni la Taobao lilipoanzishwa mwaka 2003, Wachina hawakuwa na kadi nyingi za mkopo wala hawakuaminiana mtandaoni, na Alipay ikazaliwa kama mshika pesa. Mnunuzi analipa, pesa zinakaa kwa Alipay, muuzaji anaambiwa zimefika na hivyo anatuma mzigo, na mnunuzi akishathibitisha kuupokea ndipo pesa zinaachiliwa. Hatari inagawanywa. Muuzaji hatumi mzigo kwa mtu asiye na pesa, na mnunuzi halipii hewa. Katika desturi zote nilizozitaja hii ndiyo naiona ya haki zaidi kwa pande zote mbili, na inanisikitisha kwamba Afrika Mashariki, yenye mfumo wa simu unaosifiwa duniani kote, haijaifanya kuwa jambo la kawaida kwa muuzaji mdogo.

Sisi tulishika njia ya lipa ukipokea. Jumia, duka la mtandaoni lililoanzia Nigeria mwaka 2012, iliitumia sana ili kuwavuta watu waliokuwa na hofu ya kulipa mbele. Ndani ya Kenya inawezekana: kifurushi kinapanda matatu, mteja anakichukua stendi na kulipa kwa simu. Mteja akibadili mawazo, nauli ya kwenda na kurudi ni ya muuzaji. Kuvuka mipaka kwa muuzaji mdogo ni vigumu sana. India nayo ilichagua kupunguza bei ya njia yenyewe. Mfumo wake wa UPI, ulioanza mwaka 2016, unahamisha pesa kutoka akaunti hadi akaunti papo hapo, na tangu Januari 2020 serikali imezuia benki kumtoza muuzaji kamisheni kwa malipo hayo. Mchuuzi wa India anapokea bila makato. Wa Masii analipa asilimia 0.55, na anapaswa kuuliza kwa nini.

Ukivuka mpaka ndani ya Afrika Mashariki unaona pia kwamba njia ya malipo haitegemei kampuni peke yake. Kwa miaka mingi Mkenya ameweza kupokea pesa kwa PayPal, na tangu 2018 kuzihamishia kwenye M-Pesa, ilhali jirani yake wa Tanzania au Uganda aliweza kutuma tu. Tanzania ilitangulia Kenya katika kuziunganisha pesa za mitandao tofauti ya simu, tangu 2014, lakini Julai 2021 tozo za miamala zikawafanya watu wengi warudi kwenye noti. Uganda ilipita njia kama hiyo mwaka 2018, ilipoweka kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya simu kisha ikaishusha hadi 0.5 kwenye kutoa pesa. Muuzaji mwenye njia moja tu ya kupokea malipo anaweza kuamka asubuhi akakuta serikali imeibadilishia bei.

Kampuni ya kupitishia malipo nayo inaweza kukwama kwa ugomvi usiomhusu muuzaji. Julai 2022 Mahakama Kuu ya Kenya ilizizuia akaunti za Flutterwave, kampuni yenye asili ya Nigeria, kwa ombi la Mamlaka ya Kurejesha Mali. Kampuni ilikana tuhuma, na mwaka 2023 mamlaka hiyo ikaondoa kesi zake. Mwezi huohuo wa Julai 2022 Benki Kuu ya Kenya ilisema kampuni hiyo haikuwa na leseni ya kutoa huduma za malipo nchini. Sitaji hayo ili kuichafua kampuni moja. Nataka muuzaji aone kwamba pesa zake, kati ya kadi ya mteja na akaunti yake ya benki, ziko mikononi mwa mtu wa tatu kwa siku kadhaa. Kenya ina Sheria ya Mfumo wa Taifa wa Malipo ya mwaka 2011, na Benki Kuu huchapisha orodha ya kampuni zilizopewa leseni. Kuisoma orodha hiyo kunachukua muda mfupi kuliko kuchagua rangi ya ukurasa wa duka.

Sasa mama wa Masii achague nini? Kwanza awagawe wateja wake. Mteja aliye Kenya alipe kwa tili. Kumpitisha kwenye linki ya kadi ni kulipa shilingi 150 au zaidi kwa kila kiondo cha 5,000 bila sababu. Mkenya aliye ughaibuni, mtoto wa jirani au mtu wa kanisa moja, anaweza kutuma kwa WorldRemit au Sendwave hadi kwenye M-Pesa. Kadi inatumika, ila huko kwake, na hapo jina ndilo linalobeba dhamana kama zamani. Njia hiyo asipewe mgeni: huduma hizo zinatahadharisha watu wasimtumie mtu wasiyemjua, na mgeni mwenye busara atakimbia ukimwambia atume hivyo.

Mgeni apewe kadi, kupitia kampuni inayohudumia Kenya. Stripe, ambayo vitabu vingi vya biashara vinaisifu, haiwasajili wafanyabiashara wa Kenya moja kwa moja. Ilifika barani kwa kuinunua Paystack ya Nigeria Oktoba 2020. Pesapal ilizaliwa hapahapa Kenya mwaka 2009. DPO nayo ina mizizi Nairobi. Ukiiacha Stripe, zote zinaweza kumfaa muuzaji mdogo, na makato yao yanabadilika mara kwa mara, kwa hiyo aulize siku anayojisajili. Aulize kwa maandishi mambo mengine pia. Pesa zinakaa siku ngapi kabla ya kumfikia? Je, kuna sehemu inayozuiliwa kwa ajili ya madai? Dola zinageuzwa shilingi kwa kiwango cha nani, na mara ngapi? Dai likija, ana siku ngapi za kujitetea, na anajitetea kwa nani, mtu anayepokea simu au fomu isiyojibiwa? Kampuni inayojibu swali hilo la mwisho vizuri inastahili kukata nusu asilimia zaidi ya mwenzake.

Jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa kusisitiza. Usajili unadai cheti cha biashara, PIN ya kodi ya KRA, kitambulisho na akaunti ya benki, na kwa kuwa msusi mmojammoja hana vyote, kijana mmoja mwenye simu nzuri hujisajili kwa jina lake na wengine wote wanamtegemea. Siku akigombana nao, au akihamia Nairobi, duka linakwenda naye pamoja na sifa zote zilizoandikwa na wateja. Ukambani ina mwethya, watu kufanya kazi kwa pamoja katika shamba la kila mmoja kwa zamu, na vikundi vingi vya wanawake vya kuweka na kukopeshana vimesimama juu ya mazoea hayo. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuwa na akaunti yenye watia sahihi zaidi ya mmoja, kikatenga kiasi kidogo cha kila mauzo ya kadi kwa ajili ya madai, na dai likija likamezwa na wote bila kumwangusha msusi ambaye kikapu chake ndicho kilichopotea posta.

Hiyo ndiyo hukumu yangu baada ya kuzilinganisha desturi hizi. Tili kwa mnunuzi wa Kenya, linki ya kadi yenye uthibitisho wa benki kwa mgeni, nambari ya kufuatilia kwa kila mzigo unaovuka mpaka, na akaunti isajiliwe kwa jina la kikundi. Akina mama wa Masii ambao tayari wanauza kwa jina la mtu mmoja, badilisheni usajili huo kabla ya oda kubwa ya kwanza.